Kazi ya kwanza hospitalini kwa msaidizi wa uuguzi: wodi ipi, zamu ipi, mkataba upi?

Cheti umeshapata, maombi umeshatuma, na sasa majibu yameanza kurudi. Hospitali moja kubwa inakutaka wodi ya magonjwa ya ndani. Nyingine, ndogo, ina nafasi idara ya dharura. Kuna na nyumba ya kutunzia wazee iliyo tayari kukupokea wiki ijayo. Wengi wakifika hapa huangalia vitu viwili tu, jina la hospitali na mshahara. Naelewa kwa nini. Lakini nimepokea wasaidizi wapya wodini kwa miaka mingi, na waliodumu wakawa hodari ni wale waliopata, katika miezi yao ya kwanza, mtu wa kuwaelekeza na nafasi ya kuuliza. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia katika ulinganisho huu wote: hapa nitafundishwa na nani, na nikiona jambo nisilolielewa, nitampata nani na kwa haraka gani?

Kipimo hiki kina sababu. Daktari hupita raundi akaondoka. Muuguzi ana dawa za kugawa, dripu za kubadilisha na mafaili ya kujaza. Anayekaa na mgonjwa kuliko wote ni wewe: unamwogesha, unamlisha, unamgeuza, unamsindikiza msalani, unampima joto na presha. Mgonjwa akibadilika, mara nyingi wewe ndiye wa kwanza kuona. Jicho hilo hujengeka mapema, na kazi ya kwanza ama inalinoa ama inalizoesha kupita tu.

Wodi ya magonjwa ya ndani na wodi ya upasuaji

Hizi ndizo nafasi zinazotolewa kwa wingi kwa mtu mpya, kwa hiyo nitakaa nazo zaidi.

Wodi ya ndani hulaza watu wa kiharusi, moyo, kisukari, nimonia, figo. Wengi wana umri mkubwa, na wengi hukaa siku kadhaa au wiki. Kazi yake ni nzito kimwili, sitaificha. Utageuza watu wasioweza kujigeuza, kwa kawaida kila baada ya saa 2 au kama mpango wa matunzo unavyosema, na utarudia kazi hiyo mpaka mwisho wa zamu. Lakini tazama unachojifunza katika kugeuza huko. Kila unapomlaza mgonjwa ubavu, unaona visigino, makalio, nyonga na mgongo wa chini. Vidonda vya kulalia huanza hapo. Dalili ya kwanza kwa mwenye ngozi nyeupe ni wekundu ambao ukiubonyeza kwa kidole haufifii. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo unagusa: sehemu hiyo ina joto kuliko jirani yake? Imekuwa ngumu, au laini isivyo kawaida? Mgonjwa anaona maumivu ukiigusa? Kitabu kitakuambia hayo kwa mistari miwili. Mkono utayajua baada ya kugeuza wagonjwa wengi ukiwa na mtu kando anayekuambia, "Hapa, shika hapa, unasikia tofauti?"

Ni huko huko utakakojifunza kulisha kwa usalama. Mgonjwa wa kiharusi hapewi hata maji kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa, na akisharuhusiwa unamketisha wima, unampa kidogo kidogo, unasubiri ameze kabla ya kijiko kinachofuata. Akikohoa, au sauti yake ikawa kama ina maji ndani, unasimama na kumwita muuguzi. Utajaza chati ya maji yanayoingia na yanayotoka mwilini. Utampima uzito mgonjwa wa moyo kila asubuhi, saa ile ile, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kwa sababu uzito unaopanda ghafla ndani ya siku chache mara nyingi ni maji yanayojikusanya.

Na utajifunza kuhesabu pumzi. Kipimo hiki ndicho kinachochezewa kuliko vyote, maana hakina mashine ya kukusaidia na watu hujaza namba ya kubahatisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Unahesabu dakika nzima, na bila kumwambia, kwa sababu akijua unamhesabu atapumua tofauti. Wengi wetu huendelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado tunahesabu mapigo, huku macho yako kifuani.

Nikupe mfano wa thamani yake. Msaidizi mmoja, akiwa bado katika wiki zake za mwanzo, alimfuata muuguzi wa zamu na karatasi mkononi.

"Sista, mama wa kitanda cha nne hapumui kama asubuhi."

"Umehesabu?"

"Dakika nzima. Ishirini na nane. Asubuhi alikuwa kumi na nane."

"Na joto?"

"Thelathini na nane na nusu. Halafu ananiita kwa jina la mwanawe. Asubuhi alikuwa ananijua vizuri."

"Lete kipimo cha oksijeni, nakuja sasa hivi."

Angalia alicholeta: namba ya sasa, namba ya asubuhi ya kulinganishia, na badiliko la akili ambalo mashine yoyote isingelionyesha. Mzee anayechanganyikiwa ghafla ni mgonjwa aliyebadilika, na daktari hutakiwa kujua. Msaidizi yule aliweza kusema hivyo kwa sababu alimwogesha mama huyo saa 2 asubuhi na kuzungumza naye. Alikuwa na asubuhi ya kulinganisha na mchana. Ndiyo faida kubwa ya wodi ambayo wagonjwa hukaa.

Wodi ya upasuaji ina mwendo mwingine. Wagonjwa huingia na kutoka, vitanda havipoi. Asubuhi unawaandaa wanaokwenda chumba cha upasuaji: unahakikisha hawajala kama walivyoelekezwa, unatoa meno ya bandia na vito, unahakiki utepe wa jina mkononi. Mchana unapokea waliorudi, na vipimo huchukuliwa kwa karibu sana, mara nyingi kila dakika 15 mwanzoni, kisha nafasi inapanuliwa kadiri hali inavyotulia. Unajifunza kutazama bandeji kama damu inaenea, na mirija ya kutolea majimaji kama kiasi au rangi imebadilika. Unajifunza kumwamsha mtu mapema atembee, kwa sababu kulala tu huleta damu kuganda miguuni na nimonia. Unamketisha kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, unasubiri kizunguzungu kipite, ndipo asimame. Na aliyetolewa mpira wa mkojo, kama saa 6 zimepita hajakojoa, hilo ni la kuripoti.

Kama nafasi zote mbili zina maelekezo ya kweli, mimi nakwambia chukua wodi ya ndani. Inachosha zaidi, lakini inakupa muda wa kumjua mgonjwa, na hakuna idara utakayohamia baadaye ambayo haitaki ulichojifunza pale. Upasuaji ni chaguo zuri kwa mtu anayependa utaratibu na kuona watu wakipona haraka, na pia kwa mwenye mgongo wa kuangalia, kwa kuwa wagonjwa wengi wa upasuaji hurudi kusimama kwa miguu yao baada ya muda mfupi.

Idara ya dharura na wagonjwa mahututi

Hapa ndipo vijana wengi wanapotaka kuanza. Wanaona ndiko kazi halisi ilipo, na sitawalaumu, maana ni kazi yenye heshima kubwa. Tatizo ni mpangilio wake. Mgonjwa wa dharura hukaa saa chache, kisha anapanda wodini au anarudi nyumbani. Unaona mwanzo wa hadithi nyingi na mwisho wa chache. Msaidizi husukuma machela, hukimbiza sampuli maabara, huvua nguo za mtu aliyeumia, husafisha eneo kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, na siku moyo wa mtu ukisimama, atapangwa katika zamu ya kubonyeza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kubadilishana kila dakika 2 kwa sababu mikono huchoka kabla mwenye mikono hajajua. Katika saa kama hizo hakuna mwenye nafasi ya kusimama akueleze kwa nini. Muuguzi mzuri atakueleza baadaye, kama "baadaye" ikipatikana.

Wodi ya wagonjwa mahututi iko kinyume chake. Wagonjwa ni wachache, wauguzi ni wengi, na kila kitu kinapimwa. Lakini msaidizi haruhusiwi kufanya mengi peke yake, na kuna sababu. Kumgeuza mgonjwa mwenye mrija wa hewa ni kazi ya watu kadhaa, mmoja akiwa kichwani ameushika mrija na ndiye anayetoa amri ya kugeuza. Mtu mpya atajifunza nidhamu nzuri sana hapo. Atakachokosa ni mazungumzo na mgonjwa, maana wengi wamelala kwa dawa.

Ushauri wangu: hizi ziwe kazi ya pili, baada ya mwaka hivi wodini. Isipokuwa kama hospitali ina programu rasmi ya kuwafunza wapya katika idara hizo, yenye mlezi aliyetajwa kwa jina na wiki zilizoandikwa. Hapo nenda bila kusita.

Wazazi na watoto

Nitapita haraka, kwa sababu nafasi za msaidizi mpya huku huwa chache. Jambo la kujua ni kwamba vipimo ulivyokariri havitumiki. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, idadi ambayo kwa mtu mzima ungekimbia kuita msaada. Kila umri una viwango vyake, na lazima uwe na jedwali karibu. Pia unahudumia watu wawili kwa pamoja, mtoto na mzazi wake, na mzazi mwenye hofu anahitaji uvumilivu kuliko mtoto mwenyewe. Wodi ya wazazi watu huiona ya furaha tupu. Ina furaha nyingi kweli, lakini kutokwa damu baada ya kujifungua huja kwa kasi, na kuhesabu pedi zilizoloa ni kazi ya kuokoa maisha. Vilevile kuna mama atakayetoka bila mtoto, na wewe utakuwa chumbani naye.

Kwa ufupi, idara nne kubwa zikiwekwa kando kwa kando:

| | Ndani | Upasuaji | Dharura | Mahututi |
|---|---|---|---|---|
| Mgonjwa hukaa | siku nyingi hadi wiki | siku chache | saa chache | hutegemea hali |
| Unachojifunza zaidi | kumjua mgonjwa, ngozi, ulishaji | vipimo vya karibu, kumwamsha mgonjwa | kasi, kupanga kipi kwanza | nidhamu, usafi, kazi ya pamoja |
| Mzigo wa mwili | mkubwa sana | wa kati | mwendo mwingi | mkubwa, lakini kwa msaada |
| Kwa mtu mpya | ndiyo | ndiyo | baadaye | baadaye |

Hospitali kubwa au ndogo

Kubwa ina idara ya mafunzo, ina mashine za kunyanyulia wagonjwa, ina wodi nyingi za kuhamia ukitaka kubadilisha, na mara nyingine ina mpango wa kuwasomesha wasaidizi wawe wauguzi. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuwa namba tu kwenye orodha ya zamu, ukapelekwa leo huku kesho kule kuziba mapengo. Ndogo utajulikana kwa jina ndani ya siku mbili, utafanya kazi za aina nyingi, na muuguzi kiongozi atajua kama umekula au hujala. Wapo wasaidizi niliowaona wakichanua huko kuliko wangechanua katika jengo kubwa.

Lakini hospitali ndogo ina hatari moja ambayo lazima niiseme waziwazi. Watu wakiwa pungufu, mipaka ya kazi hulegea. Utaombwa uchome sindano "hii moja tu", uache dawa mdomoni mwa mgonjwa, ubadilishe dripu kwa kuwa sista amebanwa. Anayekuomba mara nyingi si mtu mbaya, amechoka na anakuamini. Hata hivyo mgonjwa akidhurika, utaulizwa wewe kwa nini ulifanya jambo usilosomea, na swali hilo halina jibu. Jizoeze sentensi ya kusema kwa adabu kabla siku hiyo haijafika: "Sista, hilo sijafundishwa na halimo kwenye kazi zangu. Mimi nitamshikilia mgonjwa, wewe uchome." Unakataa kitendo huku unatoa msaada wa kweli papo hapo. Muuguzi mwenye akili timamu ataheshimu hilo. Na kama mahali penyewe wanakasirika kila ukisema hivyo, hapo umeshapata jibu la kama uendelee kubaki.

Kabla ya kusaini, omba maelezo ya kazi kwa maandishi, yakionyesha unachoruhusiwa kufanya. Hospitali isiyoweza kukupa karatasi hiyo, kubwa au ndogo, iweke chini kwenye orodha yako.

Nyumba ya wazee kwanza, au kusubiri hospitali?

Swali hili huniumiza kidogo, kwa sababu wanaouliza huwa na hofu kwamba wakiingia nyumba ya wazee hawatatoka. Si hivyo. Kutunza wazee ni kazi kamili, na anayeifanya vizuri ana mikono ambayo wodi yoyote ya ndani inaitamani. Huko hupokea watu haraka, unawajua wakazi kwa miezi, unajifunza kukaa na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau bila kumbishia. Utakachokosa ni wagonjwa wanaobadilika kwa saa, vifaa vya hospitali, na muuguzi au daktari aliye karibu muda wote. Idadi ya wakazi kwa kila msaidizi pia inaweza kuwa kubwa, hasa usiku.

Kwa hiyo linganisha hivi. Kama hospitali imekupa nafasi yenye maelekezo, chukua hospitali. Kama huna nafasi yoyote ya hospitali mkononi, usikae nyumbani mwaka mzima ukiisubiri, maana ustadi uliojifunza kwenye kozi hupotea upesi usipoutumia. Ingia nyumba ya wazee, fanya kazi kwa moyo, na weka kumbukumbu ya unachofanya ili wasifu wako uwe na uzito. "Nilihudumia wazee" haimwambii kitu mtu wa ajira. "Nilihudumia wakazi tisa kwa zamu, watatu kati yao wa kunyanyuliwa kwa mashine, nikipima presha na sukari na kuripoti kwa muuguzi" inamwambia karibu kila kitu. Andika ya kwako, kwa idadi ya kweli, na usiandike kitu chochote kinachomtambulisha mkazi.

Ajira ya kudumu au zamu za kuitwa

Zamu za kuitwa zina mvuto: unachagua siku, na malipo ya saa moja wakati mwingine huwa juu zaidi. Kwa mwenye uzoefu ni mpango mzuri. Kwa mtu mpya mimi naupinga, na sababu ni ile ile ya mwanzo. Unaitwa pale ambapo watu wamepungua, yaani siku ambayo hakuna wa kukufundisha. Leo wodi hii, keshokutwa nyingine, hujui glavu zinawekwa wapi, hujui nani wa kumuuliza, na hakuna anayefuatilia kama umeboreka au umekwama palepale. Ukilazimika kuanza hivyo kwa sababu ndio mlango pekee uliofunguka, omba uitwe wodi moja au mbili tu, na mwambie muuguzi kiongozi wazi kwamba unatafuta nafasi ya kudumu. Wengi wameajiriwa kwa njia hiyo kwa sababu wodi ilishawazoea.

Ukiwa unapitia wakala, uliza jambo moja kabla ya yote: nikiumia kazini, nani ananihudumia na nani ananilipa, hospitali au wakala? Jibu liwe kwenye mkataba. Na wakala akikudai pesa ili akupe kazi, jihadhari sana. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kwa nchi zilizouridhia, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa kwa makundi machache yanayoruhusiwa rasmi. Upo pia Mkataba Na. 149 wa mwaka 1977, unaohusu watumishi wa uuguzi wa ngazi zote wanaotoa huduma hiyo, wakiwemo wasaidizi, na unataka saa zao za kazi, mapumziko ya wiki na likizo viwe angalau sawa na vya wafanyakazi wengine wa nchi. Wewe si mtu wa pembeni katika sheria hizi, kwa hiyo soma mkataba wako kwa kujiamini.

Mchana au usiku

Zamu ya mchana ina kelele, raundi ya madaktari, watu wa mazoezi ya viungo, ndugu wa wagonjwa, chakula, wanaoruhusiwa na wanaopokelewa. Ndiyo hasa sababu ya kuanza nayo, kwa sababu karibu kila anayeweza kukufundisha yupo. Usiku una posho katika sehemu nyingi, na una utulivu wa aina yake, lakini watumishi ni wachache na wazee wenye kuchanganyikiwa huzidi kuchanganyikiwa giza likiingia. Hutaka kushuka kitandani, huvuta mipira, huanguka. Kuwa peke yako na hali hiyo katika wiki yako ya pili si haki kwako wala kwa mgonjwa. Kama umeajiriwa kwa zamu ya usiku, omba kipindi chako chote cha maelekezo kiwe mchana. Ni ombi la kawaida na hospitali nzuri hulitegemea.

Nafasi mbili zikikupendeza sawasawa

Hapo maswali ya kwenye usaili ndiyo yatakayozitenganisha. Usaidizi wa uuguzi una usaili ambao na wewe unausaili, na muuguzi kiongozi akiulizwa swali zuri humtazama mwombaji kwa jicho jipya.

La kwanza: msaidizi mmoja ana wagonjwa wangapi mchana, na wangapi usiku? Sikiliza kama anajibu kwa namba au kwa maneno ya jumla. La pili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: wakati wa mafunzo elekezi, nitahesabiwa kuwa mtu wa ziada au mmoja wa watu wa zamu? Hospitali nyingi husema wana wiki kadhaa za maelekezo, kumbe siku ya tatu umeshapewa wagonjwa wako na anayekuelekeza naye ana wa kwake. Kuwa mtu wa ziada ndiko kufundishwa. Kisha uliza mlezi wako atakuwa nani na kama atakuwa zamu moja nawe. Uliza kama mashine ya kunyanyulia ipo na kama inafanya kazi. Uliza utaratibu wa mtu aliyejichoma sindano, hata saa 8 usiku, kwa sababu dawa za kuzuia VVU baada ya ajali hiyo zinatakiwa kuanza haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Mahali penye utaratibu watakujibu bila kufikiri.

Halafu omba kutembezwa wodini, dakika kumi tu. Tazama kama kengele za wagonjwa zinajibiwa. Tazama kama watu wanasafisha mikono wakiingia na wakitoka kwa mgonjwa, maana Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kufanya hivyo, na hizo mbili ndizo rahisi kuziona ukiwa mlangoni. Zaidi ya yote sikiliza jinsi wauguzi wanavyowaita wasaidizi. Kama wanawaita kwa majina na kuwauliza "Umemwonaje leo?", hapo ripoti yako itasikilizwa. Kama wanaitwa kwa kupigiwa kelele toka mwisho wa wodi, utaongea lakini hautasikika. Ningeacha mshahara mzuri kidogo kwa ajili ya wodi ile ya kwanza, na ningemshauri ndugu yangu afanye vivyo hivyo.

Na wao watakuuliza pia. Swali linalorudi sana ni hili: mgonjwa anakataa kuogeshwa, utafanyaje? Wanaotaka kuonekana wachapakazi husema watambembeleza mpaka akubali. Jibu linalopendwa ni kumuuliza kwa nini. Huenda ana maumivu, huenda anasikia baridi, huenda anataka ahudumiwe na mtu wa jinsia yake. Mpe saa nyingine au mtu mwingine, akikataa bado heshimu, mjulishe muuguzi, na andika kwenye chati kwamba alikataa. Usiandike kwamba ameogeshwa.

Ukishasaini

Usisubiri siku ya kuripoti ndipo uanze kufikiria chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa kawaida dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, mtumishi wa afya hupimwa damu kuona kama kinga imejengeka, kwa sababu kwa watu wachache haijengeki na hurudia. Kwa hiyo dozi ya kwanza ipate wiki hii, hata kama bado unasubiri barua, na kadi yake iweke pamoja na cheti chako. Hospitali itakuomba vyote viwili.